Kumuuguza Mama bila Kumgusa

Katika monasteri ya msituni nilikokuwa nikiishi, kaskazini-mashariki mwa Thailand, simu ilikuwa moja tu. Ilikaa jikoni, na mtawa hakuitwa kwenye simu ila kwa jambo zito. Kwa hiyo mpishi alipokuja hadi kwenye kibanda changu, akasimama mbali kama ilivyo adabu kwa mwanamke, akainamisha kichwa na kuniambia natafutwa kutoka Kenya, nilijua kabla ya kufika.

Alikuwa dada yangu mkubwa. Ni muuguzi Garissa. Hakunisalimu.

"Mama amepata kiharusi," alisema. "Upande wa kulia haufanyi kazi. Nimemwambia ahamie kwangu, amekataa. Anasema hatoki Masalani. Mimi siwezi kuacha kazi. Wewe ndiye huna kazi. Njoo ukae naye."

Niseme kidogo nilivyofika huko. Nilikwenda Thailand kusomea kilimo. Likizo moja rafiki wa darasani alinipeleka kijijini kwao, na alfajiri nikawaona watawa wakitoka msituni kwa mstari mmoja, pekupeku, kila mmoja na bakuli lake la chuma, wanavijiji wamepiga magoti kando ya njia wakiwatilia wali. Hakuna aliyesema neno. Nilirudi likizo iliyofuata, na iliyofuata tena, na nilipomaliza masomo sikurudi nyumbani. Nilinyoa nywele na nyusi nikavaa joho la rangi ya manjano iliyochujuka. Watoto wa kijiji walinikimbia mwanzoni, maana hawakuwa wamemwona mtu mweusi. Bibi mmoja alikuwa akinitilia wali huku akinitazama usoni kwa huruma, kana kwamba nimeungua.

Lakini ugeni sikuuanzia huko. Mama alikuwa Mkamba, mwalimu wa shule ya msingi, akapangiwa kazi Masalani kabla sijazaliwa. Nilikulia kwenye mji wa Wasomali na wafugaji, mtoto wa bara, nisiye na ukoo wowote ng'ambo hii ya mto Tana. Nilijifunza mapema kukaa kimya na kutazama wengine wanafanyaje. Utawa ulinikuta nikiwa nimeshafanya mazoezi.

Jioni ile nilikwenda kwa mkuu wetu wa monasteri, mzee mwenye maneno machache. Nilimweleza. Akasema, "Nenda. Kanuni inaruhusu. Chakula utakachopata kwenye bakuli, mlishe mama yako kwanza, kisha ule wewe."

Nikamuuliza kuhusu kumgusa. Mtawa wetu hamgusi mwanamke, na kanuni haimtoi mama.

"Kanuni unaijua," alisema.

Dada alinipokea Nairobi, kwa kuwa mtawa hashiki pesa na nisingeweza hata kulipa nauli. Kwenye kizuizi kabla ya daraja la Garissa tulishushwa kwenye basi sote, tukapanga foleni na vitambulisho mkononi. Askari alitazama picha yangu ya zamani, yenye nywele nyingi, akanitazama mimi.

"Hii nguo ni ya wapi?"

"Ni padri wa kwao," dada alijibu haraka.

"Kwao wapi?"

"Masalani."

Askari alinirudishia kitambulisho, akatusindikiza kwa macho mpaka tukapanda tena. Dada hakucheka. Njia nzima hadi Garissa, na kesho yake kwenye gari la kuteremka Masalani, aliongea nami kuhusu dawa tu: ipi asubuhi, ipi jioni, vidonda vya mgongoni huanzaje mgonjwa asipogeuzwa.

Mama alikuwa amelala kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile ile ya mabati, kwenye shamba lake dogo la ndizi karibu na mto. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda," alisema. Maneno yalitoka kama yamelowa, lakini yalieleweka.

Nilipiga magoti nikainama mara tatu, kipaji cha uso sakafuni, kama tunavyowainamia wazazi na walimu. Aliona haya, akageuza uso ukutani. Kisha akaniita kwa sauti yake ya darasani na kunitaka nimtajie kanuni zangu. Nikamtajia zile zilizohusu nyumba ile. Sili baada ya saa sita mchana. Sipiki. Sichimbi udongo wala sikati mmea. Sishiki pesa. Simgusi mwanamke.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, Mama."

Dada alikuwa akikunja shuka. Aliitupa kitandani. "Nimekulipia njia nzima uje kumtazama? Nani atamgeuza? Nani atamwosha? Mtoto gani huyu asiyeweza kumshika mama yake?"

Mama aliinua mkono wake mzima, na dada akanyamaza, kama tulivyokuwa tukinyamaza zamani.

"Uliapa mbele ya watu?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi usivunje kwa sababu yangu. Dini yako siipendi. Lakini kiapo ni kiapo."

Dada aliondoka kesho yake kurudi zamuni. Hakuniaga.

Aliyetuokoa alikuwa jirani yetu, mjane wa Kisomali muuza maziwa. Kama watoto wote wa mtaa ule nilimwita habo, yaani mama mdogo. Watoto wake wote walifundishwa na mama, na siku walimu wengi wa bara walipofunga mizigo na kuondoka kwa hofu ya kushambuliwa, mama alipokataa kuondoka, habo ndiye aliyelala mlangoni petu juma zima bila kuambiwa na mtu. Sasa alikuja, akasikiliza maelezo yangu kuhusu kanuni, mikono kiunoni.

"Dini ni mibaka," alisema, kwa Kiswahili cha Kisomali kinachogeuza p kuwa b. "Mtu bila mibaka ni mbuzi. Wewe leta maji, fua nguo, kaa nje. Mwalimu ni yangu."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi, akimaliza kuuza maziwa, alikuja na binti yake, wakamwosha mama na kumgeuza, nami nikiwa nje nimesimama na ndoo. Nilisikia vicheko vyao ndani. Nilifua mashuka, nilifagia, nilimlisha mama kwa kijiko, nilikesha naye usiku akikohoa. Kila kitu isipokuwa ngozi yake.

Chakula ndicho kilichonitia hofu. Mtawa hapiki, na chakula cha mtawa ni kile alichotiliwa bakulini. Nilipomweleza mama, alifikiri kidogo. "Kwa hiyo tutakufa njaa wote wawili."

Asubuhi ya kwanza nilitoka na bakuli langu, pekupeku, macho chini, nikapita barabara kubwa ya Masalani toka mwisho hadi mwisho. Mtawa haombi. Hupita tu, akasimama kidogo, akaendelea. Wanaume kwenye hoteli ya chai waliacha vikombe. Mmoja alitaka kunitilia sarafu, nikafunika bakuli kwa mkono na kutikisa kichwa, akaona nimemdharau. Nilirudi na bakuli tupu. Nilikaa kando ya kitanda cha mama na kwa mara ya kwanza tangu ninyoe nywele niliona aibu ya nguo niliyovaa.

Habo alipokuja alitazama bakuli. "Kwenu huko watu wanajua hii kitu. Habana mtu wa Masalani anajua." Alitoka, akarudi na anjera za moto, chapati laini za Kisomali, na maziwa ya ngamia, akataka kuziweka mezani. Nikamwambia lazima azitie mwenyewe bakulini. Akatia, kwa uangalifu, akijisemea bismillahi.

"Na usiku utakula nini?"

"Sili usiku."

"Sisi tunafunga mchana mwezi moja. Wewe unafunga usiku maisha yote." Alifikiri. "Hiyo ni ngumu."

Sijui aliwaambia nini watu sokoni. Najua tu kwamba asubuhi iliyofuata kinyozi mmoja alinisimamisha akatia tende. Aliyefuata ni mama muuza maharagwe. Alisema, "Hii ni chakula ya mwalimu," akachota na kunitilia. Baada ya hapo wengi walisema hivyo hivyo, chakula ya mwalimu, na nikagundua karibu wote waliwahi kukaa kwenye madawati yake. Mwanamume mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliyeswalisha msikiti mdogo wa karibu, alisimama mbele yangu siku moja.

"Wewe unaabudu nani?"

"Simwabudu mtu, sheikh. Najifunza kuishi vizuri."

Jibu halikumridhisha, niliona. "Na hii unafanya kwa ajili ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Basi bita," alisema, akanipisha njia.

Nilimlisha mama kwanza, kisha nikala kilichobaki kabla jua halijafika utosini. Alasiri nilitembea mbele na nyuma kwenye kijia nilichokichagua kwenye msitu wa ukingoni mwa mto, mwendo wa kutafakari, kama tulivyofanya kule. Miti ilikuwa mingine, tumbili walikuwa wengine, lakini kivuli kilikuwa kile kile. Mama hakukipenda kijia hicho. "Kiboko hajui wewe ni mtawa," alisema. Jioni alinitaka nimsomee Zaburi. Nilisoma. Nikikosea kituo alinikatiza, nikarudia sentensi. Hakuniuliza kama naamini. Nafikiri alitaka kusikia tu nikisoma kwa sauti, na vituo mahali pake.

Siku moja katikati ya kusoma aliniuliza, "Huko, ukiumwa, nani hukuuguza?"

"Watawa wenzangu. Tumeapa kuuguzana."

"Wanakugusa?"

"Wananigusa."

Alifumba macho. "Vizuri," alisema.

Mvua ilikuwa ikinyesha bara, si kwetu. Kwetu mbingu ilikuwa safi. Chifu alipita akiwaonya watu wa mashamba ya kando ya mto, lakini Tana hufurika na kurudi, na wengi tulidhani maji yatakuja kama siku zote, yalambe migomba, yarudi. Tulichelewa kuamini. Asubuhi moja, adhana ya alfajiri ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, nilishusha miguu kutoka kwenye benchi nililotandika mkeka nikakanyaga maji.

Uani yalifika magotini. Kati ya nyumba yetu na ya habo palikuwa na mkondo uliobeba magogo na kuku waliokufa. Habo alikuwa ng'ambo, nguo ameipandisha, binti yake amemshika kiuno asivuke.

"Kijana ya mwalimu," aliita. "Toa mama. Hakuna mtu atafika huko."

Mama alikuwa macho. Alinisikia nikiingia. "Niache hapa kitandani," alisema. "Watakuja na mtumbwi."

"Mtumbwi hautavuka, Mama. Nitakubeba."

"Hapana."

"Mama."

"Nimesema hapana. Uliapa."

Maji yalikuwa yakipanda mguu wa kitanda. Nilikuwa nimeshaamua, lakini sikutaka kumbeba akinikataza, kama mzigo usio na kauli. Aliyatazama maji, akanitazama, kisha akatazama joho langu la juu, lile zito la tabaka mbili, lililokuwa limekunjwa kwenye kiti.

"Hilo likoje?" aliuliza. "Lina urefu?"

Nikalikunjua.

"Nifunge mgongoni kwa hilo, kama mtoto. Kitambaa kikiwa katikati, hujanigusa."

Kanuni haisemi hivyo, na nilijua haisemi hivyo. Sikubishana na mwalimu. Nilimkalisha ukingoni mwa kitanda, joho likiwa kati ya mikono yangu na yeye, nikageuka nikachuchumaa, nikampitisha joho mgongoni na chini ya mapaja, nikalifunga kifuani pangu kwa mafundo mawili. Mkono wake mzima ulinizunguka shingo. Aliniambia nisisahau bakuli. Nikamwambia tuliache. "Utatilia chakula wapi?" Akalipachika mwenyewe, kwa mkanda wake, kwenye kiwiko chake.

Tulitoka. Maji yalinifika kiunoni, baridi, mazito kwa tope, na sikuweza kuona ninakokanyaga. Mama aliona kwa kumbukumbu. Shamba lile alikuwa amelilima miaka mingi, kila shimo alilichimba yeye au alisimamia likichimbwa. "Kulia," alisema sikioni mwangu. "Hapo kuna shimo la migomba. Zunguka. Sasa nyoosha. Usikimbie." Mara moja niliteleza nikaenda chini kwa goti moja, maji yakatufika mabegani, na nikasikia moyo wake ukigonga mgongoni mwangu. Hakupiga kelele. "Simama," alisema, na nikasimama.

Tulipofika barabarani watu walitupokea. Walituweka kwenye shule, kwa kuwa iko mwinukoni, kwenye darasa lililojaa magodoro na masufuria na mbuzi waliookolewa. Lilikuwa moja ya madarasa aliyofundisha. Aliomba alazwe akitazama ubao.

Habo alifika kwa njia ndefu, miguu imechanika, akaanza tena kazi yake bila kuulizwa. Lakini baridi ilikuwa imemwingia mama kifuani. Homa ilipanda. Mganga wa zahanati alifanya aliloweza kwa dawa zilizokuwepo. Barabara ya Garissa ilikuwa imekatika, na dada, aliyeuguza watu wa kila mtu, hakuweza kumfikia mama yake. Tulimpigia kwa simu ya mwalimu mmoja wa bara. Alitupa maagizo kwa sauti ya kikazi, mlazeni kichwa kimeinuka, mpeni maji kidogo kidogo, mpaka sauti ikamkatika, mwalimu akaondoka na simu kando.

Wanafunzi wa zamani walikuja siku nzima. Wachungaji wenye fimbo, akina mama wenye watoto mgongoni. Walisimama mlangoni kwanza, kama wanaosubiri ruhusa ya kuingia. Wengine mama aliwatambua kwa kosa walilopenda kulifanya. "Wewe hukujua kugawanya," alimwambia mzee mmoja mwenye mvi, naye akakubali kwamba mpaka leo hajui.

Alasiri moja habo alikuwa amekwenda kuswali. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na godoro. Mama alisogeza mkono wake mzima juu ya blanketi mpaka ukafika ukingoni, kiganja juu, akauacha hapo. Hakunitazama. Niliushika. Ulikuwa na joto kali na ngozi nyepesi kama ya kitunguu. Tulikaa hivyo mpaka habo aliporudi, naye alipotuona alitoka tena akakaa nje mlangoni, akiwazuia watu.

Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri, kimya.

Kwa desturi yetu angepelekwa kuzikwa Ukambani kwa ndugu zake. Njia haikuwepo. Tulimzika kwenye mwinuko nyuma ya shule. Mimi sichimbi udongo, na nilisimama kando ya kaburi la mama yangu mikono mitupu, nikiwaza kwamba safari hii nitachimba hata iweje. Nilisogea. Yule mzee wa kugawanya aliniwekea mpini wa jembe kifuani, polepole, kunizuia.

"Kaa," alisema. "Sisi ndio alitufundisha."

Mwalimu wa bara alisoma sala za Kikristo, simu yake imewashwa ili dada asikie. Mtandao ulikuja na kuondoka. Kisha dada akasema, kwa sauti iliyokatikakatika, "Na yeye aseme za kwake." Sikutarajia. Nilikariri kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Buddha, maneno tunayokariri juu ya maiti, yale mafupi. Nilipomaliza habo, aliyesimama mbali kidogo na wanawake wenzake, aliniuliza yanasema nini.

"Kwamba kila kilichokuja huondoka."

Aliitikia kwa kichwa. "Inna lillahi," alisema. "Hiyo ni kweli."

Maji yalipopungua dada alifika kwa mtumbwi, viatu mkononi. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akakaa huko peke yake muda mrefu. Aliporudi aliniambia nimweleze yote, tangu maji yalipoingia, na nilipofika kwenye mashimo ya migomba na mama akiniongoza, alicheka kidogo, akafunika uso. Kisha akalitazama joho langu la juu. Lilikuwa limekauka na tope, gumu kama ngozi ya ng'ombe.

"Lete hiyo nguo niifue," alisema.

Aliifua mara mbili, maji ya pili yakatoka mekundu bado, akaianika kwenye ua wa habo. Alinisindikiza hadi Nairobi. Kwenye mlango wa uwanja wa ndege alisimama mbele yangu, mikono ikijua haina ruhusa, akaishia kunirekebishia mkanda wa mfuko begani kwa ncha za vidole.

Kwetu mtawa akivuka kanuni ndogo humweleza mtawa mwenzake, wawili wakiwa wamechuchumaa wanatazamana, kwa maneno yaliyopangwa. Niliporudi nilimwendea mtawa mmoja mzee wa kijiji cha jirani, mtoto wa wakulima wa mpunga. Nilisema nilimgusa mwanamke, mama yangu, nikamweleza lini na vipi. Aliniuliza kama ninaliona kosa hilo. Nikajibu naliona. Akaniambia nijihadhari siku za usoni, nami nikaitikia kama inavyotakiwa. Hapo desturi imekwisha, na watu huinuka. Hakuinuka.

"Alikuwa mzito?" aliniuliza.

"Hapana," nilisema. "Alikuwa mwepesi sana."

Alitazama chini, akabaki amechuchumaa nami pale kitambo.